Sapatu za Kijani za Serahangi

Sheria ya kwanza ya nyumba yetu ya Bluff, huku Durban, haikutungwa na mwenye nyumba. Ilitungwa na Serahangi, na ilihusu kandambili za chooni. Kandambili za chooni hazivuki kizingiti cha choo. Ukimaliza haja yako unazivua palepale, unaziacha zimetazama nje, ili anayekuja aingize miguu bila kuhangaika. Tulikuwa wapangaji saba, choo kimoja, na jozi moja ya kandambili, ya kulia ya buluu na ya kushoto nyeusi, maana wenzao walikwishapotea. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nazo jikoni. Nilikuwa nimekimbilia maziwa yanayochemka. Maziwa yakamwagika yote huku akinisomea.

"Binti, maziwa yananunuliwa. Ustaarabu hakuna duka linaloutia kwenye mfuko."

Nilimjibu kwamba basi aninunulie maziwa. Kesho yake nilikuta lita mbili mlangoni, zimetazama nje.

Tulimwita Serahangi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya melini: msimamizi wa mabaharia wa sitahani, yule anayepuliza filimbi na kugombeza. Meli aliziacha zamani, lakini filimbi hakuiacha. Aliivaa shingoni na kuipuliza kila alfajiri, akisema ni ya kuamsha watu wa swala, ingawa Waislamu nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na mimi nina simu. Mama Kristela, Mkongomani wa chumba cha tatu mwenye saluni ya kusuka, alimwita Vieux, yaani mzee kwa Kifaransa, kwa heshima zote. Heshima hizo zilianza saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo alimwita majina mengine, kwa Kilingala, akidhani mimi sisikii Kilingala. Ya namna ile mtu husikia kwa lugha yoyote.

Sasa, ustaarabu wake huo wote, kwa maelezo yake mwenyewe, aliupata siku moja katika mji mmoja wa Japani unaoitwa Kyoto. Meli yao ilikuwa Kobe ikitengenezwa, nahodha akawapa basi wakatembee. Asubuhi wakaenda, jioni wakarudi. Siku moja! Mimi nimekaa Durban miaka kumi na moja na bado napotea nikienda ufukweni, yeye kwa siku moja aliijua Kyoto kuliko waliozaliwa humo. Kuna mahekalu, anasema, huwezi kuyahesabu, ukitoka hili unaingia lile, na kila moja lina mti mzee na kengele kubwa. Kuna mtaa wa watu wanaotengeneza vipepeo vya karatasi vya kujipepea, baba, babu, na babu wa babu. Kuna mzee aliyekuwa akitengeneza visu tangu utotoni, na Serahangi alipomsifu, mzee akajibu kwamba bado anajifunza. Mzee huyo wa visu, kwa kusimuliwa kila siku, tulikula naye, tukanywa naye chai. Fundi bomba akija kuziba bomba letu linalovuja, Serahangi anamsimamia mgongoni: "Kyoto kuna mtu ametengeneza kisu miaka hamsini na anasema hajajua. Wewe umejua lini?" Fundi bomba wa tatu aliacha kuja, tukimpigia anatukatia simu.

Huko huko ndiko alikojifunza, au aliona kupitia dirisha, kwamba kikombe kilichovunjika kinaungwa kwa dhahabu ili ufa wake uwe pambo. Dhahabu hakuwa nayo. Alikuwa na gundi ya kuungia mabomba na kopo la rangi ya dhahabu ya kupakia mageti. Akaunga kila kitu kilichovunjika nyumbani, na vilivyokaribia kuvunjika pia akaviwahi. Kikombe changu cha chai alikiunga vizuri kabisa, kinang'aa, ila mkono wa kushikia aliubandika kwa ndani. Nilinywea hivyohivyo mwaka mzima kwa sababu aliniangalia kila nilipokunywa.

Mtu mwenye haki kupita kiasi, lakini kwenye dhumna alikuwa mwizi. Anaficha kete kwenye mkono wa kanzu, unaiona, anaona kwamba umeiona, na bado anaicheza. Nilimwuliza siku moja mbona huyu mtu wa Kyoto anaiba mchana kweupe. Akasema dhumna ni vita na vita vina ruhusa zake, lakini kiatu cha mtu ni kiatu cha mtu. "Mtu kwao, na kiatu kwao," ndio ulikuwa msemo wake. Tuliuchoka. Aliusema hata kwenye harusi.

Kwa upande wa viatu alikuwa mgonjwa, sisemi kwa ubaya. Alivua viatu kila alipoingia mahali alipopaheshimu, na alipaheshimu mahali pengi. Alivua zahanati, vikaibwa, akarudi Bluff peku, lami inachoma, analalamika njia nzima kwamba Kyoto angevikuta. Alivua kwenye duka la simu Clairwood, mlinzi akamwambia, "Eish, baba, this is not your house," naye akamwinamia kwa adabu, akagonga kioo kwa paji la uso.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile la Ijumaa. Alitoka mapema msikitini, akavikuta viatu vimerundikana mlangoni kama dagaa. Akakumbuka Kyoto. Akavipanga vyote, kimoja kimoja, vikubwa na vikubwa, vyeusi na vyeusi, vyote vimetazama barabarani. Kazi safi! Watu walipotoka hakuna aliyekiona kiatu chake alipokiacha. Na sisi tuna desturi yetu, tusidanganyane: kiatu chako kikiondoka na mwingine, unavaa kilichobaki, unasema alhamdulillahi, unakwenda zako. Basi kila mtu akavaa kilichokuwa mbele yake, akasema alhamdulillahi, akaenda zake. Imamu alirudi nyumbani na raba za mwanafunzi. Wiki nzima Bluff watu walisimamishana njiani wakitazamana miguuni.

Jambo moja tu katika maisha yake halikuingia akilini mwetu. Wanawe, wenye kazi zao nzuri, walimwandikisha kwenda Hija mara mbili, na mara mbili alikataa katika dakika za mwisho. Mwanamume anayeamsha nyumba nzima kwa filimbi ili iswali, halafu Makka hataki! Mama Kristela alishikilia kwamba anaogopa ndege. "Vieux ni mutu ya maji," alisema. "Mu hewa hajui kuogelea." Mimi nilidhani ni ukaidi. Nilimsema, tena kwa ukali, naye, mgombezaji yule, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Aliyetufichulia siri ni tumbili.

Tumbili wa Bluff ni majambazi, anayeishi huko anajua. Wanaingia dirishani, wanafungua friji, wanachagua. Jumapili moja mchana nilikuwa naanua nguo, nikamwona Serahangi ametoa bunda la kitambaa cha kijani, amelifungua kwenye ngazi ya mlango wake. Ndani yake sapatu, jozi moja, za plastiki, za kijani, kuukuu, zimefutwa zikang'aa. Alikuwa anazianika. Akageuka kuchukua kitambaa, na tumbili akashuka ukutani, akanyakua moja, akapanda nayo juu ya paa.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule kwa mtu mzima. Kabla sijatia neno, mzee wa miaka sabini alikuwa juu ya mabati, kanzu ameikunja kiunoni, anamnyooshea tumbili mkate kwa mkono mmoja na kumsihi. Wapangaji wote tukatoka. Mama Kristela akaja na kitana bado kiko mkononi na mteja nyuma yake kichwa nusu kimesukwa.

"Vieux! Shuka! Iko kiatu ya nani hiyo, ya Président? Utaanguka, na mi sina hata robe ya matanga!"

Tumbili alikula mkate, sapatu hakuitoa. Hapo ndipo Serahangi alipoishika filimbi, akaipuliza kwa pumzi zake zote. Tumbili akaruka, sapatu ikaanguka kwenye beseni langu la nguo. Kwa mara ya kwanza filimbi ile ilifaa kitu.

Tulimteremsha. Nikamkalisha kwenye ngazi, nikampa chai, na wengine walipotawanyika akanieleza. Siku ile Kyoto aliingia hekalu moja. Viatu unaviacha nje, unapewa sapatu za ndani, za kahawia, wageni wote sawa. Ukifika kwenye chumba chenye mikeka, sapatu nazo unazivua mlangoni, unaingia na soksi. Akaingia, akakaa, akatazama bustani ya mawe, akajisikia vizuri mno. Alipotoka, sapatu zake za kahawia hazipo. Amebakiwa na jozi moja tu mlangoni, za kijani.

"Nikafanya nini, binti?"

"Ukasema alhamdulillahi, ukavaa."

"Nikavaa! Na basi la meli liko nje linapiga honi, wenzangu wananiita, viatu vyangu sikumbuki nimeviweka rafu ipi. Nikakimbia nazo. Nimefika melini ndipo akili inanirudia. Sapatu zote kahawia, hizi peke yake kijani. Kijani, binti! Unaijua hadhi ya kijani. Hizi zilikuwa za mkuu wa hekalu. Mtu wa ibada, mzee, nimemwacha peku kwenye baridi."

Na alilia. Filimbi ikawa inarukaruka kifuani. Haki ya Mungu, alisema, Mungu huisamehe, lakini haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe aridhie. Atasimamaje Arafa na sapatu za watu ziko juu ya kabati lake Bluff? Nilimwuliza kwa nini hakuzituma. Alizituma! Baharia wa kwanza alizirudisha, hakupata ruhusa ya kushuka. Wa pili alizivaa. Serahangi alimfuata mpaka Maputo kuzichukua.

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Nilijiona mbaya kwa maneno yote niliyomsema kuhusu Hija.

Mwaka jana wanawe wakamwandikisha mara ya tatu, wakasema ni ya mwisho. Daktari naye alikwishamwambia kwamba goti lake la kushoto limebakiza safari moja ndefu, aichague vizuri. Na mwezi uleule, bosi wangu, mwenye yadi ya magari yaliyotumika Clairwood, akashikwa na mgongo, akanituma mimi karani wake kwenda Osaka kukagua magari kabla hayajapakiwa. Kazi siku nne, mapumziko siku moja. Sikuwa hata nimemaliza kumweleza Mama Kristela habari hizo jikoni, Serahangi akaingia na bunda la kijani mikononi, amelishika kama mtoto mchanga.

"Ukizirudisha, nakwenda," alisema. "Usipozirudisha, wanangu wasisumbuke tena."

"Hekalu linaitwaje?"

"Lina mti mzee," akasema, "na kengele."

Akanichorea ramani nyuma ya karatasi ya kalenda: stesheni, mto, daraja, mti, kengele, na mama mmoja anayeuza matango ya chumvi, ambaye miaka thelathini iliyopita tayari alikuwa kikongwe.

Forodhani Osaka kijana mmoja alifungua kitambaa. Akatazama sapatu. Akanitazama. Akazifunga tena vizuri kuliko nilivyozifunga mimi, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nakiri nilikwenda Kyoto nikiwa na hakika kwamba nusu ya habari zake ni uongo wa baharia. Ikaniudhi kukuta ni kweli. Mtaa wa vipepeo upo, wanabandika karatasi kwenye mianzi hawainui macho. Mtu wa visu yupo, labda ni mwana wa yule, nilimsifu kwa kutumia simu ya kutafsiri na akaniambia bado anajifunza. Nilitamani kumpiga. Na mahekalu, mama yangu! Kila moja lina mti mzee, kila moja lina kengele. La kwanza, mlinzi wa geti aliniinamia, nikamwinamia, akainama tena, nami kwa malezi ya Serahangi siwezi kuacha deni la heshima, tukaendelea hivyo mpaka basi la watalii likatutenganisha. La pili walidhani nauza. La tatu walinipa chai, wakazitazama sapatu kwa masikitiko, wakatikisa kichwa. Saa tisa alasiri miguu imevimba, treni yangu saa kumi na mbili, na mimi namwona mzee amekaa Bluff kwenye kitanda, begi la Hija halijafungwa.

La nne lilikuwa dogo, nyuma ya duka la matango ya chumvi. Mtunzaji wake alikuwa mama mfupi, wa umri wa Serahangi hivi, amekaa barazani anasuka ndara za majani makavu, vidole vinakwenda kama vya wasukaji wa ukili kwetu Tanga. Nikafungua kitambaa. Nikaieleza simu: mzee wangu, baharia, zamani, kosa, mkuu wa hekalu, radhi.

Yule mama akasoma. Akaziba mdomo kwa mkono. Akanishika mkono wa blauzi, akaniongoza ukumbini, tukapita chumba cha mikeka, tukakunja kona, akafungua mlango mwembamba.

Choo. Na mlangoni mwa choo, zimetazama nje, sapatu za kijani.

Akaniandikia kwenye simu kwamba za kahawia ni za nyumba, za kijani ni za chooni, na wageni husahau kuzivua, wanatembea nazo hekalu zima, wanaziacha popote. Nikamwuliza: ni za hapa kweli? Akacheka mpaka akakaa chini. Akaandika kwamba sapatu hizo zinauzwa kila duka Japani, hawezi kujua. Alipouona uso wangu akaacha kucheka. Akanyanyuka, akajifuta macho, akazipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka chini kabisa, na simu ikasema kwa Kiswahili chake kibovu: "Ninapokea kwa niaba ya vyoo vyote vya mji huu. Bwana asiwe na wasiwasi. Imesamehewa." Nilipokuwa nafunga viatu akanikimbilia na jozi ya ndara alizokuwa akizisuka, akaonyesha kidole mbali, upande ambao alidhani ndiko Afrika.

Nilimtumia Serahangi ujumbe: zimepokelewa. Akajibu kwamba hilo ni neno la posta, anataka kusikia kwa masikio.

Ndege yangu ilitua Durban asubuhi ileile anayoondoka. Simu ilikuwa imejaa: mwanawe, kiongozi wa msafara, mwanawe tena. Mzee amekaa kwenye benchi upande wa wanaoondoka, hataki kuingia mpaka binti afike. Nikaburuta sanduku nikikimbia. Nikamkuta, kanzu nyeupe, kofia ya Idi, filimbi shingoni, na kiongozi wa msafara amepiga magoti mbele yake kama anayeposa.

"Shikamoo, Serahangi."

"Marahaba. Alisemaje? Alikuwa hai, yule mkuu?"

Njia nzima nilikuwa nimeutengeneza uongo, mzuri, wenye mkuu wa hekalu mwenye ndevu nyeupe. Lakini unamdanganyaje mtu anayekwenda Makka, tena kuhusu radhi yenyewe aliyoisubiri? Radhi ya uongo angeipeleka wapi?

"Umesamehewa," nikasema. "Lakini hazikuwa za mkuu. Zilikuwa za chooni."

Akainua uso.

"Za chooni."

"Za chooni, Serahangi. Mgeni mmoja alitoka nazo chooni, akaziacha mlangoni mwa chumba cha mikeka, akaondoka na zako."

Aliwaza. Nikaona shingo inaanza kupanda damu. "Miaka thelathini," akasema, "nimeziweka juu ya kofia yangu ya Idi." Kisha akasimama na sauti ya sitahani ikamtoka, abiria wakageuka. "Na huyo mgeni ni nani? Mtu wa aina gani asiye na ustaarabu, anayevuka kizingiti na kandambili za chooni?"

Nilikuwa nimetazama chini. Naye akafuata macho yangu, akatazama miguu yake. Ya kulia buluu, ya kushoto nyeusi.

"Nilikuwa natawadha," alisema pole pole. "Gari likawa linapiga honi."

Akaanza kucheka. Alicheka puani kwanza, halafu tumboni, akakaa benchi, akanishika bega, na mimi nikacheka, na kiongozi wa msafara akacheka bila kujua kitu, kwa kuwa mzee anaonekana atakwenda. Nikatoa ndara za majani. Zilimkaa kana kwamba alipimwa. Kandambili alizozivua akazishika kwa mikono miwili, akaniinamia na goti lake lile bovu.

"Binti, zirudishe. Na uniombee radhi kwa kila mpangaji, mmoja mmoja. Haki ya mja."

Akaenda. Hakugeuka, ila alipofika mlangoni alipuliza filimbi, askari wakamfuata mbio.

Nilipanda teksi mbili kurudi Bluff, sanduku mapajani, kandambili za chooni kwenye mkoba. Nyumba nzima ilikuwa imevurugika. Mama Kristela alisimama ukumbini peku, mikono kiunoni. "Toka asubuhi watu banaingia na miguu tupu! Mwizi gani anaiba bilatu ya toilette?" Nikazipanga mahali pake, zimetazama nje. Nikamweleza yote, hapo hapo, mpaka kandambili za uwanja wa ndege, naye akacheka akalia, siwezi kusema kipi kilitangulia. Wapangaji wengine niliwaomba mmoja mmoja, wakasamehe, sharp, hakuna tatizo. Akabaki yeye.

"Mama Kristela, Serahangi anaomba radhi. Umemsamehe?"

Akajifuta macho kwa kanga, akatazama mlango wa chumba cha mzee, umefungwa, kimya.

"Ya bilatu, nimemusamehe," akasema. "Ya filimbi, non. Ile arudie, aombe yeye mwenyewe."